Mishumaa ya Nyumbani, Zawadi Yenye Harufu ya Bustani

Kila mwaka, majuma ya Majilio yakiingia, wazazi wengi huanza kupiga hesabu. Wahesabu watoto wao, wasimamizi wa ubatizo, wakwe wa pande zote mbili, jirani aliyewalindia nyumba walipokwenda kilioni, mwalimu aliyemvumilia mtoto mwaka mzima. Kisha wahesabu fedha iliyomo mfukoni, na mara hesabu ya pili yaikataa ile ya kwanza. Sisi wa Lubumbashi twaijua sana fitina ya hesabu hizo mbili. Madukani vitu vimepangwa vikimetameta, vimepita mpaka wa Kasumbalesa au vimevuka bahari, na mtu asiye na kitu hupita mbele yake akiangalia chini.

Nyumbani mwangu tumeshika njia nyingine tangu mwaka 2016. Twatengeneza mishumaa kwa nta ya nyuki, twaitia harufu kwa majani ya bustani yetu, na hiyo ndiyo zawadi yetu ya Noeli, ya ubatizo, na hata ya arusi. Wasomaji wapenzi, nataka kuwaeleza jinsi tufanyavyo, kwa maana kazi yenyewe si ngumu. Lakini nitawaeleza pia jambo lililo gumu kuliko nta, ndiyo namna watu wanavyoipokea zawadi hiyo. Maana kwetu sisi mshumaa una maneno yake, na si wote wapendao kuyasikia.

Fikirini wenyewe. Ni lini mtu wa mji wetu huuliza, “Mshumaa uko wapi?” (au kama wasemavyo mitaani, “Buji iko wapi?”) Ni wakati umeme unapokatika, watoto wakiwa katikati ya masomo yao ya jioni na chungu kikiwa motoni. Au ni kanisani, siku ya Ubatizo, usiku wa Pasaka, na tarehe 2 Februari, tunapoandamana tukikumbuka Bwana Yesu alivyotolewa hekaluni. Au ni kilioni, mshumaa uwakapo kichwani pa marehemu na wanawake wakikesha. Basi, mtu akikuletea kifurushi siku ya furaha, ukakifungua ukaona mshumaa, moyo wako utakimbilia wapi kwanza?

Nitarudi huko. Tuanze na nta.

Watu wengi hudhani kwamba nyuki huiokota nta katika maua, kama aokotavyo chavua. Sivyo. Nyuki mtenda kazi huitoa nta mwilini mwake mwenyewe, chini ya tumbo, katika jozi nne za tezi. Hutoka kama magamba membamba. Naye huyatafuna, akayalainisha, akayabandika penye sega. Kwa kazi hiyo hula asali nyingi sana. Wafugaji hukisia kwamba kilo 1 ya nta huwagharimu nyuki kilo 6 hata 8 za asali. Nilipolijua jambo hilo sikuweza tena kuyatazama masega yaliyotupwa jalalani bila kusikia uchungu. Maana kwetu asali yauzwa, inamiminwa katika chupa za bia na za maji, na masega yaliyokamuliwa mara nyingi hutupwa kama makapi. Mimi huyanunua hayo makapi. Mzee mmoja anayeleta asali kutoka misitu ya upande wa Kasenga huniwekea, na bei yake ni ndogo kwa sababu hana mnunuzi mwingine.

Mzee huyo zamani alitengeneza mizinga ya magome, kama babu zake. Gome la mti mzima lavuliwa likiwa kama bomba, laningʼinizwa mtini, na nyuki waingia. Ni mzinga mzuri, wala hauna gharama, ila mti uliovuliwa gome pande zote hufa. Kwa kuwa wachoma makala nao wamekwisha kuisukuma miombo mbali na mji, mzee amegeukia mizinga ya mbao. Asema kwamba siku hizi lazima atembee mbali zaidi kuliko baba yake ili apate maua. Tunapolalamika kwamba nta ni ghali, tukumbuke na mbabula zetu wenyewe.

Kuisafisha nta ni kazi ya alasiri moja. Masega yatiwe katika mfuko wa kitambaa chepesi, mfuko ufungwe na kulazwa katika sufuria ya maji pamoja na jiwe safi la kuuzuia usielee. Maji yapashwe moto polepole, yasitokote kwa nguvu. Nta huyeyuka ifikapo nyuzijoto 62 hata 65 za Selsiasi, hupita katika kitambaa na kuelea juu, kwa sababu ni nyepesi kuliko maji. Kandamiza mfuko kwa mwiko, epua, funika, uache mpaka kesho. Asubuhi utakuta bamba la manjano limeganda juu ya maji. Uchafu ulioshikamana chini yake ukwanguliwe kwa kisu. Sufuria na iwe ya alumini isiyochubuka au ya bati lililopakwa rangi ya kioo, kwa maana chuma huitia nta weusi, na shaba huitia rangi ya kijani. Wala usiyaweke masega siku nyingi kabla ya kuyayeyusha, kwani viwavi vya nondo huyala, ukakuta utando na kinyesi mahali pa nta.

Jirani mmoja aliniuliza kwa nini nasumbuka namna hiyo, na mishumaa meupe yauzwa dukani kwa bei rahisi. Swali lake ni la haki. Mishumaa ile ni ya parafini, itokayo katika mafuta ya petroli. Haikuwako tangu mwanzo. Zamani matajiri na makanisa waliwasha nta ya nyuki, na maskini wa Ulaya waliwasha mafuta ya ngʼombe na kondoo, yenye moshi na harufu mbaya. Mnamo 1825 wataalamu wawili wa Ufaransa, Chevreul na Gay-Lussac, walipata hati ya kutengeneza mishumaa migumu kwa kuyachuja mafuta ya wanyama. Baadaye, katika karne ile ile ya 19, viwanda vya Uingereza vilitumia mawese yaliyotoka Afrika Magharibi. Ndiyo kusema, matunda ya mchikichi wa Afrika yaliwaka katika vyumba vya London. Parafini ilifuata, nayo ikashinda yote kwa bei yake.

Kanisa lilichelewa kuikubali. Mwaka 1904 Roma iliagiza kwamba mshumaa wa Pasaka na ile miwili ya Misa iwe kwa sehemu kubwa nta ya nyuki. Siku hizi sheria imelegezwa. Lakini wimbo uimbwao usiku wa Pasaka mbele ya mshumaa mkubwa ungali unaitaja kazi ya nyuki. Sisemi kwamba parafini ni mbaya. Usiku umeme ukikatika, nawasha mshumaa wa dukani kama jirani yangu. Lakini mshumaa wa nta hunukia asali hata kabla hujautia jani lolote, huwaka kwa muda mrefu, na ukiwekwa miezi kadhaa huvaa unga mweupe kama zabibu mbivu. Huo unga si ukungu wala si ubovu. Ukiusugua kwa kitambaa chenye joto huondoka.

Sasa bustani. Yangu si kubwa: ni ukanda wa ardhi kati ya ukuta na jiko la nje, upana wake hatua tatu. Mna mchaichai, yale majani marefu yakatayo vidole, ambayo akina mama wengi huyapika mahali pa chai. Mna mrihani, mna nanaa chini ya bomba, mna kichaka cha rozmari nilichopewa na Masista kikiwa kijiti tu. Mlimau ni wa jirani, lakini matawi yake yameamua kuishi kwetu. Mkaratusi uko njiani, nao ni wa kila mtu.

Jambo la kwanza ni majira. Noeli yetu ya Katanga huja katika mvua nyingi, wakati ambapo hata nguo hukataa kukauka. Anayengoja Desemba ndipo achume majani atapata uvundo, si harufu. Inafaa yakatwe mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa Agosti au wa Septemba, asubuhi umande ukiisha kuondoka. Yafungwe mafungu madogo, yaningʼinizwe kichwa chini mahali penye kivuli na upepo. Jua kali huyakausha upesi, lakini huichukua harufu pamoja na maji. Baada ya juma moja hivi, jani likivunjika mkononi kwa sauti, limekuwa tayari. Litiwe katika kopo lenye kifuniko. Maganda ya machungwa nayo hukaushwa hivyo, nayo ni ya kutupwa katika kila nyumba! Karafuu chache za sokoni huongeza nguvu.

Kwa nini nasisitiza ukavu? Kwa sababu maji na nta havipatani. Jani bichi lina maji ndani yake. Yakibaki katika mshumaa, moto utatatarika na kurusha matone, na pengine utazimika.

Kuitia nta harufu twafanya hivi. Kopo la nta lawekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, lisiguse moto wenyewe kamwe. Nta ikiisha kuyeyuka, kwa kila kilo natia konzi mbili za majani yaliyopondwa, nafunika, naacha saa nzima juu ya makala machache. Kisha nachuja kwa kitambaa. Nikitaka harufu ya nguvu zaidi, narudia kwa majani mapya. Nta hugeuka kuwa ya kijani kidogo, hasa kwa mrihani, nayo hupendeza. Mchanganyiko nipendao mimi ni mchaichai pamoja na ganda la chungwa. Binti yangu mkubwa apenda rozmari na karafuu, mume wangu asema kwamba hiyo yanukia kama duka la dawa, na shauri hilo halijakwisha nyumbani kwetu mpaka leo.

Hapa nataka kusema kweli, kwa sababu nimesikia wauzaji wakisema mengine. Majani ya bustani hayatoi harufu kali kama manukato ya chupa. Mshumaa wa namna hii ukiwaka, chumba hakijai harufu. Aketiye karibu ndiye huisikia. Harufu yake ni njema zaidi ukiwa haujawashwa, umewekwa katika sanduku la nguo au juu ya meza, mkono ukiugusa. Tena, mtu asikudanganye kwamba mshumaa wa mchaichai utakukinga na malaria. Moshi wake huenda ukawachelewesha mbu kidogo, lakini mtoto alale ndani ya chandarua. Nimewaona wazazi wenye akili wakinunua makopo ya kufukuza mbu huku chandarua kimefungwa bustanini kuulinda mchicha.

Utambi nao wataka uangalifu. Uwe wa pamba tupu, kwa maana uzi wa nailoni huyeyuka badala ya kuwaka. Twasuka nyuzi tatu kama nywele za msichana, twachovya katika nta, twanyosha, twaacha zikauke. Kusuka kuna maana yake: utambi uliosukwa hujikunja kidogo unapowaka, ncha yake ikatoka pembeni mwa ndimi za moto na kuteketea yenyewe. Ule uliosokotwa tu husimama, ukafanya kichwa cheusi na kutoa moshi, na zamani watu walikaa na makasi karibu ili waukate kila mara. Nta ya nyuki hupenda utambi mnene kuliko ule wa parafini. Ukiona moto mdogo unazama katika kisima cha nta, utambi ni mwembamba. Ukiona moto mrefu wenye moshi, ni mnene mno.

Kalibu zetu ni vikopo vya nyanya, vile vidogo vya gramu 70, na vipande vya mwanzi. Mwanzi tunaupasua katikati, twaufunga tena kwa kamba, twauloweka majini usishikamane na nta. Utambi wafungwa kwenye kijiti kilicholala juu ya mdomo wa kalibu, ili usimame katikati. Nta imiminwe polepole. Ikipoa hunywea na kuacha shimo kandokando ya utambi. Ndipo twamimina mara ya pili kulijaza. Kalibu tunazifunika kwa blanketi kuukuu zipoe taratibu, kwani zikipoa kwa haraka mshumaa hupasuka. Kilo 1 ya nta hutupatia mishumaa 15 hivi ya kopo la nyanya, nayo hututosha pamoja na ya akiba.

Enyi wanafunzi, ambao najua mtataka kufanya kazi hii kabla hamjamaliza kusoma, sikieni. Kusuka tambi, kuchuma, kuponda majani, kufunga zawadi, hiyo ni kazi yenu. Nta iliyo motoni ni ya mtu mzima, naye asiondoke kwenda mlangoni kuzungumza. Nta ikishika moto, isimwagiwe maji hata tone moja! Maji huzama chini ya nta, yachemka ghafula, yairusha juu ikiwaka. Funika sufuria kwa kifuniko, ondoa makala, ngoja. Na anayemwagikiwa na nta ya moto aweke mahali pale chini ya maji baridi yatiririkayo kwa dakika 20. Asipake dawa ya meno, wala siagi, wala mafuta.

Kuna pambo moja nililoliona mijini ambalo silipendi. Watu hubandika majani makavu na maua pande zote za mshumaa, hata juu kabisa penye utambi. Ni zuri kwa kutazama. Lakini moto ukiyafikia majani yale, unakuwa na tambi kumi badala ya moja, na meza yenye kitambaa cha plastiki i karibu. Sisi twafunga kijitawi cha rozmari kwa uzi nje ya mshumaa, na tunapoutoa tunamwambia mpokeaji akifungue kabla ya kuwasha. Kama hajui kusoma, twamwonyesha kwa mkono.

Basi sasa nirudi kwenye maneno ya mshumaa.

Katika Ubatizo na Komunyo ya kwanza hapana shida. Mtoto hupewa mshumaa kanisani, na akipata mwingine nyumbani, mkubwa, wenye harufu, ajua maana yake. Walimu nao hufurahi. Lakini arusi ni shauri jingine. Kwetu mlangoni mwa arusi hukaa mtu mwenye daftari. Huandika jina lako na kitu ulicholeta, na daftari lile halisahau. Mwaka 2021 tulialikwa kwenye arusi ya kijana niliyemsimamia ubatizo. Tulikuwa tumetoa mchango wetu kwa kamati kama tulivyopangiwa, kisha tukaongeza mishumaa miwili mirefu ya mwanzi, imefungwa pamoja kwa utepe. Mama mmoja mwenye heshima aliyeketi karibu na daftari alisema, tena si kwa sauti ndogo, “Je, hawa wanaolewa au wanazikwa?”

Watu walicheka. Sikumjibu, kwa kuwa ni mkubwa kwangu na siku ile haikuwa yangu. Lakini tangu hapo nina kanuni, nami naishika. Mshumaa haulipi mchango. Jamaa wakikubaliana kiasi fulani, mtu na atoe kiasi hicho, au aseme waziwazi kwamba hana; zawadi ya mikono yake iwe juu ya mchango, wala isiwe mahali pake. Anayeficha deni lake nyuma ya mshumaa mzuri ni bahili mwenye harufu nzuri tu, na daftari litamwandika hivyo. Kanuni ya pili: kwenye arusi twatoa miwili pamoja daima, tena yenye rangi ya manjano ya nta. Kilioni mshumaa husimama peke yake, nao ni mweupe. Macho ya watu huona tofauti hiyo kabla ya akili.

Aliye mgumu kuliko daftari lolote ni mama mkwe wangu. Akaa Likasi. Baba mkwe alifariki mwaka 2018, na mama alikesha kando ya mshumaa usiku tatu, akiubadilisha kwa mkono wake mwenyewe kila ulipokwisha, asimwachie mtu mwingine. Mwaka uliofuata, Noeli ilipokaribia, mume wangu aliniambia, “Mama tumpelekee sabuni na sukari. Mshumaa usithubutu.” Nami niliona ana haki. Lakini binti yangu alikwisha kumtengenezea nyanya yake mshumaa mmoja, wa mchaichai, bila kumwuliza mtu. Miaka yake ilikuwa kumi na mmoja. Ungemwambiaje mtoto kwamba kazi ya mikono yake yamtisha nyanya?

Tuliuchukua, umefungwa katika kitambaa, pamoja na sabuni na sukari. Kabla hatujatoka Lubumbashi nilikwisha kukata shauri kwamba mama ataupokea kwa pua kwanza, macho yafuate. Tulipofika, baada ya salamu na chakula, nilipiga goti mbele yake, nikautoa kwa mikono miwili ungali umefungwa. Nikasema, “Mama, mjukuu wako aomba unuse kabla hujafungua.”

Akanusa. Akanyamaza kitambo, akanusa tena. Akasema, “Mchaichai.” Kisha akaanza kuhadithia jambo ambalo hata mume wangu hakulijua: ya kwamba kwao, karibu na mto Luapula, mama yake alipanda mchaichai kuizunguka nyumba yote, ili udongo usichukuliwe na mvua, tena watu waliamini kwamba nyoka hawaupendi, na jioni, ngʼombe wa jirani walipoukanyaga, harufu ilifika mpaka kitandani. Alisema mengi siku ile. Mtoto aliketi miguuni pake akisikiliza.

Halafu akafungua kitambaa, akauona utambi. Uso wake ukabadilika, nasi sote tukaliona. Akaugeuzageuza mshumaa mkononi. Mwisho akasema, “Mwanangu, harufu nimeipokea. Moto sikuupokea.” Akaniomba kisu, akaukata utambi pale juu kabisa, akauweka mshumaa katika sanduku lake, kati ya vikwembe vyake vya sikukuu. Mume wangu alinitazama. Binti yangu alitaka kulia, kisha akaona kwamba nyanya ameliweka sanduku lile chini ya kitanda chake mwenyewe, mahali awekapo vitu asivyotaka viguswe, naye akatulia.

Sikumshauri mama kinyume, wala simshauri mtu yeyote kufanya hivyo. Zawadi ikiisha kutoka mkononi mwako si yako tena. Mpokeaji akitaka kuiwasha, na aiwashe. Akitaka kuilaza kati ya nguo, ni haki yake. Na kama nilivyokwisha kusema, nta ya majani hunukia vizuri zaidi ikiwa haijawashwa; kwa hiyo mama hakupoteza kitu.

Miezi michache baadaye, kwenye arusi ya mpwa wake, alivaa kikwembe kilichotoka katika sanduku lile. Wanawake waliokaa karibu naye wakamwuliza manukato yake ni ya duka gani. Akawajibu kwamba duka hilo halina mlango. Nasikia alilirudia jibu lile mara nyingi siku hiyo, nalo lilimpendeza sana yeye mwenyewe.

Tangu hapo, kila mwezi wa Agosti hutuma salamu kuuliza kama majani yamekwisha kukatwa. Huagiza miwili, isiyo na utambi, mmoja wa sanduku lake na mwingine wa dada yake. Binti yangu sasa ni msichana mkubwa, naye ndiye hupokea maagizo hayo na kuyaandika katika daftari lake la shule. Mwaka 2024 nyanya aliagiza mitatu: miwili bila utambi, na wa tatu wenye utambi. Hakusema wa tatu ni wa nini, nasi hatukumwuliza. Tuliutengeneza kwa mchaichai mtupu, tukaumimina katika mwanzi mrefu kuliko yote tuliyokuwa nayo.